Sauti Iliyosema Usijibu

Haya hayakutokea enzi za mababu. Yalitokea juzi juzi tu, katika nchi ambayo jina lake halitajwi hapa, si kwa uoga, bali kwa kuwa Serikali yenyewe ililiondoa. Wataalamu waligundua kwamba jina la zamani lilikuwa fupi mno, rahisi kukisiwa, na halikuwa na tarakimu hata moja. Likatungwa jipya, lenye herufi kubwa na ndogo, namba kadhaa na alama ya mshangao mwishoni, na likawa linabadilishwa kila msimu. Mashabiki wa timu ya taifa walipata tabu kidogo uwanjani, lakini wakazoea. Walikaa kimya, wakapiga makofi.

Chanzo cha yote kilikuwa barua pepe moja. Ilimfikia Mheshimiwa Rais ikimpongeza kwa kushinda mapumziko ya familia kisiwani, ikamwomba abonyeze mahali palipong'aa. Akabonyeza. Ilipofika adhuhuri kompyuta zote za Ikulu zilikuwa zimefungwa na watu wasiojulikana, pamoja na hotuba alizokuwa amezihifadhi kwa ajili ya maadhimisho yote hadi atakapostaafu, jambo ambalo hakuwa amelipanga. Jioni alilihutubia taifa kwa kusoma karatasi. Alisema wananchi wamemwangusha. Wamekuwa wazembe, wanatumia majina ya watoto wao kuwa nywila, wanafungua kila wanachotumiwa, wanapokea simu ya kila mtu. Hakusema ni nani aliyebonyeza, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu maswali kutoka kwa watu wasiotambuliwa yalikuwa yamepigwa marufuku alasiri ileile.

Basi ikaundwa Wizara ya Tahadhari. Waziri wake, Mheshimiwa Makomeo, alikuwa mtu makini. Kompyuta yake aliifunga mezani kwa mnyororo, na nywila yake akaibandika juu ya kioo chake, kwa maandishi makubwa, ili yeyote atakayeiona ajue kwamba haruhusiwi kuitumia. Sheria ya Kutoaminiana ilipita bungeni bila kupingwa, ingawa hakuna mbunge aliyeweza kuthibitisha kuwa ndiye yeye. Neno "hodi" likafutwa kwenye matumizi, maana linamtaka mtu afungue kabla hajajua nani yuko nje. Kuanzia hapo mgeni alisimama mlangoni, akaulizwa swali la siri, na akatoa jibu lililokubaliwa mapema. Asiyejua jibu hakufunguliwa, hata kama anafahamika, na hasa kama anafahamika, kwa kuwa matapeli ndio hupenda kufahamika.

Kila kitu kikawa tayari. Kilichokosekana ni sauti ya kuwaambia watu haya yote.

*

Bi Zamoyoni alikuwa amestaafu redio ya taifa, na kustaafu hakukumpendeza. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakirekebisha saa zao kwa kumsikiliza. Vita vilivyotokea mbali, mvua zilizochelewa, mawaziri waliofukuzwa wakarudishwa, yote yalipita kinywani mwake kwanza, kwa sauti nzito, tulivu, isiyomwonea mtu huruma wala kumchukia. Mumewe, Mzee Khatibu, ndiye aliyekuwa nyumbani. Binti yao wa pekee, Sikudhani, alilelewa na baba pamoja na redio. Alimsikia mama yake saa ya taarifa ya habari, kama watoto wengine wote wa nchi ile walivyomsikia.

Mzee Khatibu alipofariki, Sikudhani alikuwa ameshaajiriwa kwenye duka la dawa katika Mji wa Chumvi, mbali sana kaskazini, kule ambako reli inakoma. Mama akabaki ghorofani mjini. Waliandikiana kwenye simu. "Mzima?" aliandika mmoja. "Mzima," alijibu mwingine. Siku nyingine walibadilishana, aliyejibu jana akauliza leo.

Kwa hiyo Bwana Chambuso, Mkurugenzi wa Matangazo katika Wizara ya Tahadhari, alipokuja kumwomba awe Sauti ya Taifa, Bi Zamoyoni hakuomba muda wa kufikiri. Alipiga pasi gauni lake la kazini ingawa hakuna atakayemwona, akaingia studio, akasoma alichopewa.

"Usifungue. Usijibu. Usimwamini anayekuita kwa jina lako. Namba uliyotumiwa kwenye simu ni yako peke yako, usimsomee mtu."

Fundi mitambo alisema amesisimka mwili mzima. Bi Zamoyoni alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama msichana.

Wizara iliutia usemi ule kila mahali. Ulitangulia kila simu inayopigwa. Ulisikika kwenye mashine za kutolea pesa, kwenye vituo vya treni, kwenye lifti, ikiwemo lifti ya jengo lake mwenyewe. Na watu wa nchi ile walikuwa watiifu. Walimsikia Bi Zamoyoni, wakafanya alivyosema.

Hapo ndipo mambo yalipomgeukia. Alimpigia binti yake, na aliposema tu, "Sikudhani, ni mimi," simu ikakatwa. Kule upande wa pili ilisikika kama tangazo limerudiwa. Alijaribu tena, ikakatwa tena. Alikwenda gengeni akaomba nyanya, muuzaji akaficha simu yake chini ya mchicha na kurudi nyuma hatua kadhaa. Bi Shemsa wa mlango wa jirani, ambaye kila alasiri walikuwa wakinywa chai pamoja, alimwambia kwa adabu, kupitia tundu la ufunguo, kwamba hatafungua tena. Si kwa ubaya. Alikuwa tu anafuata alichoambiwa, na kwa kuwa aliyemwambia ni Bi Zamoyoni mwenyewe, alitumaini atamwelewa.

Bi Zamoyoni alimwelewa. Akaingia ndani, akapika chai ya watu wawili kwa mazoea, akanywa yake, akaitazama ile nyingine ikipoa.

*

Siku moja ya mvua simu yake ililia, na kwa hitilafu ya mitambo tangazo halikutangulia. Kulikuwa na mtu moja kwa moja.

"Shikamoo, mama."

Ilikuwa imepita muda mrefu tangu mtu amwamkie. "Marahaba," alijibu, na sauti yake ikamtoka vibaya, kama ya mtu aliyetoka usingizini.

Kijana alijitambulisha kuwa ni Nurdini. Alianza kwa kumuuliza hali. Bi Zamoyoni akasema ni mzima, ila mguu unamsumbua. Kijana akauliza mguu gani. Akasema wa kushoto. Akauliza umeanza lini, unauma zaidi asubuhi au jioni, na kama amejaribu kuuloweka kwenye maji ya moto yenye chumvi. Wakaongea juu ya mguu, kisha juu ya mvua, kisha juu ya marehemu Mzee Khatibu na jinsi alivyokuwa akipenda kukaa dirishani mvua ikinyesha. Maharage yaliungua jikoni na Bi Zamoyoni hakunyanyuka.

Mwishowe kijana akamweleza shida yake. Alikuwa anasajili simu, akakosea tarakimu moja, na namba zake sita za uthibitisho zimekwenda kwa mama badala ya kwake. Kama mama ana ujumbe uliotoka kuingia sasa hivi, amsomee tu.

Ujumbe ulikuwapo. Chini ya zile namba uliandikwa kwamba zisisomwe kwa mtu yeyote. Bi Zamoyoni alivaa miwani. Nje, mlango wa lifti ulifunguka, na kutoka kwenye korido akajisikia mwenyewe, mzito na mtulivu, akisema: usimsomee mtu.

Alijua. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye alishindwa kumweleza yeyote. Hakudanganywa kama mtu asiyejua anavyodanganywa. Alijua vizuri kuliko mwananchi mwingine yeyote, kwa maana maneno yenyewe yalikuwa yake. Lakini aliona kwamba akisema hapana, kijana atakata simu, na nyumba itarudi ilivyokuwa.

Akamsomea namba zote sita.

"Ahsante sana, mama. Uuguze mguu," alisema kijana, akakata.

Muda si mrefu simu ikamwarifu kwamba akaunti yake ya ujumbe imefunguliwa kwenye kifaa kingine, na yeye ametolewa. Majina yote yakapotea kwenye kioo. Hayakuwa mengi, lakini moja lilikuwa la Sikudhani.

*

Kesho yake alikwenda wizarani. Bwana Chambuso alimpokea akiwa nyuma ya kioo kizito, akamsikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukawa unazidi kuwa na huzuni ya kiofisi.

Alimweleza kwamba jambo hilo haliwezekani. Sauti ya Taifa haiwezi kutapeliwa. Ingekuwa inatapelika, isingekuwa Sauti ya Taifa. Mwanamke aliye mbele yake anakiri kuwa ametapeliwa. Kwa hiyo mwanamke huyo ni mtu mwingine. Aliomba radhi kwa ukali wa hoja, lakini hoja haikuwa yake, ilikuwa ya kawaida.

Bi Zamoyoni akaomba apimwe sauti. Mashine ikaletwa, akaongea, na mashine ikasema sauti inafanana na ya Bi Zamoyoni kwa asilimia zote. Bwana Chambuso akatikisa kichwa. Binadamu, alieleza, huwa na mafua, huchoka, huzeeka. Hakuna anayefanana na nafsi yake kwa asilimia zote. Anayefanana hivyo ni mwigizaji.

"Halafu," akasema, akimwonyesha simu yake kupitia kioo, "Bi Zamoyoni tunaye. Nimemwandikia sasa hivi na amejibu papo hapo. Ameniuliza hali ya watoto. Wewe umekaa hapa tangu asubuhi, hujaniuliza chochote."

Ilikuwa kweli. Hakujua hata kama Bwana Chambuso ana watoto.

Alimwomba basi jambo moja: binti yake aonywe. Huyo aliyeichukua akaunti ataenda kwa Sikudhani na kumwomba namba kama alivyomwomba yeye, kisha kwa marafiki wa Sikudhani, na ataendelea hivyo. Mkurugenzi alimhakikishia kwamba Wizara inalichukulia suala hilo kwa uzito unaostahili, na kwamba Sikudhani atachezewa lile tangazo mara mbili badala ya mara moja.

Kabla hajaondoka walichukua simu yake na laini yake kuwa kielelezo, wakaviweka kwenye sanduku la kioo katika Makumbusho ya Tahadhari, kati ya kompyuta ya kwanza ya Rais na ufunguo wa lango ambalo halipo tena. Juma hilohilo Mheshimiwa Makomeo aliitunuku akaunti ya Bi Zamoyoni nishani ya Mwananchi Mwangalifu, daraja la kwanza. Akaunti ilituma shukrani fupi yenye maua, ikawaita wote wanangu. Ilisemekana Waziri alifuta machozi.

*

Alikwenda kwa treni. Hakuwahi kufika Mji wa Chumvi. Sikudhani ndiye aliyekuwa akija, zamani, wakati wa sikukuu, na kuondoka mapema.

Viti vya treni vilikuwa vimegeuzwa kwa amri ya Wizara, ili abiria wapeane migongo na asiwepo wa kuchungulia simu ya mwenzake. Bi Zamoyoni alikaa akitazama ukuta. Hakuthubutu kuongea. Alipotaka maji alinyoosha kidole. Alipotaka kujua wamefika wapi alisoma vibao. Katika kila kituo vipaza sauti viliwaka na yeye mwenyewe akawapokea abiria, usifungue, usijibu, na watu wakashuka bila kuagana. Alijisikiliza njia nzima. Alianza kuona kuwa ni sauti nzuri kweli, imepangwa vizuri, kila neno mahali pake, na kwamba hangependa kuishi na mwenye sauti hiyo.

Mji ulikuwa mweupe. Vumbi la chumvi lilikuwa juu ya mapaa, juu ya majani, juu ya viatu vya watu. Aliulizia duka la dawa kwa kuchora msalaba hewani, na kutoka hapo akaonyeshwa nyumba, kwa kidole vilevile. Alipanda ngazi akiuburuta mguu. Hakuweza kusema hodi. Akagonga.

Kivuli kikapita kwenye tundu la mlango.

"Nani?"

"Mama yako."

Sikudhani akasema, kwa sauti iliyopangwa kama ya mtu wa benki, "Swali la siri ni lile tulilokubaliana juma lililopita. Utotoni nilipenda tunda gani?"

Bi Zamoyoni alisimama pale. Angeweza kubahatisha. Zambarau, mapera, stafeli. Watoto hupenda vitu hivyo. Alikuwa mtu aliyeyajua majina ya marais wa nchi zote jirani na jinsi ya kuyatamka bila kukosea. Akatafuta mahali ambapo jibu hili lingekuwapo, akakuta hapakuwahi kuwekwa kitu.

"Sijui," alisema.

"Yule anajua."

"Amejuaje?"

"Aliniuliza."

Akaketi kwenye ngazi, mgongo kwenye mlango, akaongea akitazama barabara. Akamweleza yote, pamoja na ile lifti, pamoja na kwamba alijua. Akamwambia kwamba yule anayemwandikia si yeye, na kwamba siku moja atamwomba namba sita, na asimpe.

"Ameshaomba," alisema Sikudhani kutoka ndani. Sauti ilitokea chini. Na yeye alikuwa ameketi. "Nilimwambia hazijafika."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Tangu siku ya pili. Aliniuliza nimekula nini." "Wewe hujawahi kuniuliza nimekula nini, mama. Nikajua si wewe."

"Na ukaendelea kumjibu."

"Nikaendelea. Kila siku ananiuliza. Namwambia wali, namwambia dagaa. Siku nyingine sijala, lakini naandika kitu, asije akasikitika."

Mwanamke aliyepita barabarani akaharakisha mwendo. Bi Zamoyoni alifungua kinywa, na kwa kuwa hakuna aliyemwandikia cha kusoma, kilichotoka kilikuwa kidogo, kikavu, wala hakikufanana na chochote kilichowahi kusikika redioni.

"Leo umekula?"

"Chai," akasema Sikudhani. "Asubuhi."

"Na mchana?"

"Bado."

Kumfungulia mtu aliyeshindwa swali la siri lilikuwa kosa la jinai, na mapazia ya nyumba za mbele yalikuwa yameshaanza kutikisika. Komeo la kwanza likavutwa, kisha la pili, kisha mnyororo. Mlango ulipoachia, Bi Zamoyoni nusura aangukie ndani. Sikudhani alikuwa bado chini sakafuni, mwenye mvi mbili tatu ambazo mama yake hakuwahi kuziona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Sikudhani alimsaidia mama yake kunyanyuka, akamkalisha kwenye kiti kimoja kilichokuwapo. Halafu, kwa kuwa wote wawili hawakujua watu hufanya nini baada ya hapo, binti akaanza kupanga mambo. Kesho watakwenda kwenye kampuni ya simu, laini iliyoko makumbusho ifungwe na apewe nyingine yenye namba ileile. Akiingia upya, yule atatolewa. Kisha wataweka kufuli la pili, namba ya siri ya mama mwenyewe, ambayo hatamwandikia mtu wala hatamsomea mtu.

"Hata akiniuliza hali ya mguu?"

"Hata akikuuliza hali ya mguu," alisema Sikudhani. Akautazama. "Mguu gani?"

"Wa kushoto."

Simu ya Sikudhani ikaangaza mezani. Ujumbe ulikuwa na picha ya Bi Zamoyoni pembeni, ile ya zamani, amevaa vipokea sauti vya masikioni. *Mwanangu, leo umekula nini?*

Wakautazama wote wawili.

"Nimjibu?"

Bi Zamoyoni alifikiri juu ya yule kijana, mahali fulani katika chumba fulani, na orodha yake ndefu ya mama na mabinti wa kuulizia hali. Hakujua kama alikuwa akikumbuka nani ana mguu na nani ana mvua. Alikuwa mwizi, na alikuwa amewauliza.

"Mjibu," alisema.

Sikudhani akaandika: *Mama yupo hapa.* Akatuma.

Ulisomwa mara moja. Walingoja. Hapakuja neno, na baada ya muda ile picha ikaondoka, pakabaki duara la kijivu. Sikudhani akalifungia lisiweze kumfikia tena. Kioo kikakaa na mwanga wake kidogo, kikazima chenyewe.

Bi Zamoyoni akanyanyuka kwa kushika meza, akauliza jikoni ni upande gani.